Umeme Usio na Swichi

Mkamwana wangu anafanya kazi ya umeme, lakini ukimpelekea pasi iliyokufa hakusaidii kitu. Nalijua hilo kwa sababu jirani wa ghorofa ya chini alimletea. Alipanda ngazi na pasi yake, waya ameuzungusha vizuri, akasema amesikia nyumba hii ina mtaalamu wa umeme. Aliyemwambia ni mimi, na sijui ningemwambia nini kingine. Mke wa mwanangu anatoka asubuhi na begi, anarudi jioni na begi, ukimuuliza kazi anasema anatafuta mikondo ya umeme. Basi akaipokea ile pasi kwa heshima, akaigeuza huku na huku, akaitazama plagi. Halafu akasema, "Samahani, jirani. Umeme wangu mimi hauna swichi." Jirani akateremka na pasi yake, na tangu siku hiyo ananitazama kama mtu niliyemuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mimi sipendi kuaibishwa. Nilisimamia chumba cha kufulia cha hospitali mpaka nikastaafu, na pale kazi ya mtu ilionekana kwa macho: huyu anafua, huyu anakausha, yule anakunja. Kwa hiyo jioni ile ile nikamkalisha Mkamwana kwenye meza ya kulia.

"Leo utanieleza," nikamwambia. "Umeme gani huo, na uko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye dari.

"Kwa jirani wa juu?"

"Juu zaidi, mama."

Nilidhani ananitania. Kumbe hapana, alikuwa anafurahi kuulizwa. Akavuta kiti, akaanza, na huyu binti akianza kueleza hana haraka. Dunia ni sumaku, akasema. Sumaku hiyo ina himaya yake inayoizunguka dunia pande zote, mbali kabisa kupita hewa. Jua nalo linapuliza upepo, lakini si huu wa kupeperusha nguo kambani, ni chembe ndogo ndogo zenye umeme. Upepo huo unaibonyeza himaya ya sumaku upande wa mchana, na upande wa usiku unaivuta nyuma, ndefu kama mkia. Mkia ukivutwa sana unafyatuka kama lastiki. Hapo umeme uliokuwa ukikatiza mkiani unakosa njia.

"Na umeme haujui kukaa kitako," akasema. "Lazima uzunguke. Basi unateremka kwa kufuata mistari ya sumaku mpaka kwenye tabaka la juu kabisa la hewa, unakimbia humo kuelekea magharibi, halafu unapanda kurudi ulikotoka. Wakati huo, kule kwenye nchi za baridi karibu na ncha za dunia, anga linawaka rangi, kijani na nyekundu. Saa moja, mbili, imekwisha. Tunaiita dhoruba ndogo."

"Wewe umeshaiona?"

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Sijawahi kufika huko, mama. Mimi naipigia hesabu tu."

Nikamtazama. Nimeishi na watu wa kila namna, lakini mtu aliyekesha vitabuni ujana wake wote kwa ajili ya kitu ambacho hajakitia machoni, huyo sikuwa nimekutana naye. Nikamwambia alete picha basi, kama ipo. Akafungua kompyuta, akanionyesha duara limepakwa rangi. Ni kama umesimama juu ya ncha ya dunia unatazama chini, akasema. Penye buluu umeme unateremka, penye nyekundu unapanda. Mimi nikaliita sahani, na jina likashika nyumbani, mpaka mwanangu naye akawa anauliza, "Sahani imekwendaje leo?"

Sahani hiyo inatengenezwaje? Setilaiti zinapita huko juu kwa njia zao chache, na kila moja inasema ilichokuta njiani. Ni sawa na kuwauliza watu waliokatiza soko kila mmoja kwa uchochoro wake, kisha uchore soko zima. Palipobaki wazi panajazwa na hesabu za kompyuta, na hizo hesabu zote kwa pamoja ndizo modeli yake. Ila kuna sheria moja haivunjwi: umeme unaoteremka lazima ulingane na unaopanda.

"Na vinalingana?" nikauliza.

"Havijawahi."

"Sasa mnafanyaje?"

"Tunasawazisha. Ile tofauti tunaigawa kidogo kidogo kwenye sahani nzima, kila pembe inapata punje yake, jumla inakuwa sifuri. Kila mtu anafanya hivyo."

Alilisema hilo haraka, kama unavyosema umefunga mlango. Mimi nami nikalipita, nikauliza chai yake niiongeze maziwa.

Sasa, wakati huo nyumbani kulikuwa na jambo. Mwanangu ni mfamasia, na alikuwa ameitwa akaongoze duka la dawa la hospitali kwenye mji wetu, mji niliozaliwa mimi. Walimpa mpaka mwisho wa mwezi ajibu. Kazini kwa Mkamwana nako moto ulikuwa unawaka. Miaka ya nyuma ilitokea dhoruba moja iliyonaswa vizuri sana na vipimo vya ardhini huko kwenye baridi. Umeme ukipita juu, sindano za vipimo vile zinazama. Mkuu wa kitengo chao akasema modeli ya Mkamwana ijaribiwe kwa dhoruba hiyo: ikiizamisha sindano ilivyozama kweli, kazi inaendelea. Isipoweza, modeli inawekwa kabatini na yeye anahamishiwa kazi ya mtu mwingine. Na modeli, kila alipoijaribu, ilikuwa inazamisha nusu tu.

Mume na mke wakakubaliana kwenye meza ile ile, mimi nikiwa shahidi na kisu cha kumenyea viazi mkononi. Modeli ikikubali, tunabaki hapa. Ikikataa, tunahama wote. Mkamwana ndiye aliyesema maneno hayo, na mwanangu akasema sawa.

Mimi nilikuwa upande wa kuhama, sitaficha. Dada yangu mkubwa yuko kule. Tunagombana kwa simu kila siku, na kugombana kwa simu hakunogi. Alishanitengea chumba chenye dirisha la mbele, la kuwaonea wapita njia. Hapa nilipo dirisha langu linatazama ukuta wa jengo la pili na bomba la maji machafu. Kwa hiyo wakati wenzangu wanasubiri sindano, mimi nilishaanza kufunga vyombo. Sahani nikazifunga kwenye magazeti, vikombe nikavitia soksi, maboksi nikayapanga koridoni.

Shida yangu ni udadisi. Tangu utoto niliambiwa utaniponza. Kila jioni Mkamwana akivua viatu namuuliza, "Imefika wapi?" Naye anajibu, "Nusu." Mwanzoni nilikuwa nafurahi kimoyomoyo, maana nusu ilikuwa tiketi yangu. Lakini siku zilivyokwenda ile nusu ikaanza kuniudhi. Nalala naiwaza. Umeme mwingi namna ile, umeteremka, umekimbia, halafu nusu yake haionekani, imekwenda wapi?

Nikawa nampa mawazo yangu. Nilimwambia labda setilaiti zimechakaa. Akasema amezipima, ni nzima. Nikamwambia basi kuna watu wanauiba, kama wale wa mtaa wa nyuma waliounganisha waya kwenye nguzo wakawa wanapikia bure. Akacheka mpaka akajifuta macho, kisha akanijibu kwa makini kwamba huko juu hakuna wa kuuiba. Nikamwambia labda unavuja. Hauvuji, akasema, ukipotea hapa ni lazima utokee pale. Hakuna hata wazo langu moja lililokuwa na maana, na hakuna hata moja alilolidharau. Hilo nililipenda, nikajikuta nampenda zaidi ya nilivyopanga.

Siku iliyotangulia kikao chao cha kuijaribu modeli akasahau miwani. Mwanangu alikuwa kazini, nikaona niipeleke mwenyewe, na kusema kweli nilitaka kuona panapotengenezwa sahani. Nilitegemea mitambo. Nikakuta chumba cha meza tatu, feni moja, zulia limechakaa mlangoni na birika la umeme lenye ukoko. Dirisha lao lilikuwa limezibwa kwa karatasi ili jua lisipige kompyuta. Hebu fikiria, watu wanaochunguza anga wamejizibia anga. Kwenye meza ya feni alikaa mwenzake, kijana mnene mwenye tabasamu, wenyewe wanamwita Feni kwa sababu habanduki hapo.

"Shikamoo, mama," akasema Feni. "Wewe ndiye wa kusema wanauiba?"

"Marahaba. Ni mimi. Na bado sijaondoa shaka."

Mkamwana akapokea miwani, akanipa kiti. Macho yalikuwa mekundu, na nywele hakuzichana vizuri. Nikamwambia, maadamu nimefika, anionyeshe sahani inavyopikwa, kutoka mwanzo. Nilifanya hivyo ili apumue kidogo. Akaanza. Hapa ni setilaiti ya kwanza, hapa ya pili. Hapa kompyuta imejaza. Hapa ni jumla ya unaoteremka, hii ya unaopanda, hazilingani, hii hapa tofauti yake.

"Hiyo tofauti nayo ina picha?" akauliza Feni kutoka kwenye upepo wake. "Mimi sijawahi kuichora."

"Hata mimi," akasema Mkamwana. "Tunaichora ya nini, si inagawanywa."

Kisha akavuta kibodi. Akaandika kitu, akangoja, ukatokea mstari. Akaandika tena. Mstari ulikuwa umelala chali, umelala, umelala, halafu ghafla ukazama upande mmoja, ukarudi ukalala.

Watu siku hizi wanapenda kusema kwamba mimi ndiye niliyemfumbua macho. Uongo mtupu. Wakati ule mimi nilikuwa namuuliza choo kiko wapi. Nikamuuliza kwa upole, hakunisikia. Nikamuuliza kwa sauti, akasema, "Ndiyo, mama," huku anatazama kioo cha kompyuta. Ilibidi Feni ainuke, aache feni yake, anipeleke mpaka mwisho wa koridoni. Niliporudi Mkamwana alikuwa amesimama, mikono kichwani, anacheka peke yake. Nikajua ama amepata au amepotewa na akili.

Njiani kurudi nyumbani akanieleza. Ile tofauti aliyokuwa akiigawa kila siku haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa daima ya upande mmoja: unaopanda ndio uliokuwa unapungua, na ulikuwa unapungua pale tu mkia wa sumaku ulipofyatuka. Maana yake umeme haukupotea. Ulikuwa unapanda kwenye njia nyembamba kama utepe, na setilaiti zilipita pande zote mbili za utepe bila kuugusa. Kompyuta ikaona pengo. Naye akalichukua lile pengo, akalisambaza dunia nzima, hata upande wa mchana ambako halikuwa na kazi, mpaka likawa jembamba lisionekane.

"Nimekuwa naufuta kwa mkono wangu mwenyewe, mama," akasema. "Kila siku. Kwa utaratibu mzuri kabisa."

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake, kwa sababu nasi tuliwahi kuwa na utaratibu mzuri. Shuka za hospitali zilizokwenda wodini na zilizorudi hazikulingana hata siku moja. Ili tusigombane, upungufu tukaugawa kwa wodi zote sawasawa, kila wodi ikakatiwa shuka kidogo. Amani ilikuwepo. Shuka zilipokuwa zinakwenda hatukujua mpaka nastaafu, kwa sababu hatukutaka kujua. Nikamsimulia hayo akacheka, akasema ndiyo, ni hivyo hivyo.

Usiku ule nilimuombea. Nilijishangaa, maana nilikuwa naomba maboksi yangu yafunguliwe.

Kesho yake akarudi kabla jua halijazama. Mwanangu alikuwa amewahi, ameketi sebuleni hajavua hata koti la kazi. Mimi nilikuwa jikoni, mlango nimeuacha wazi makusudi.

"Ilikubali?" mwanangu akauliza.

"Haikukubali."

Akaeleza yaliyotokea. Aliuweka ule umeme kwenye utepe wake mbele ya wote, sindano ikazama. Ikazama kupita kiasi, karibu mara mbili ya ile ya kweli. Lakini ilianza kuzama dakika ile ile ya kweli, mahali pale pale pa kweli, jambo ambalo modeli haikuwahi kulifanya. Mkuu wa kitengo akamuuliza mbele ya watu kama modeli yake inakubali, naye akasema hapana. Akaongeza kwamba matokeo yake yote ya nyuma ya dhoruba ndogo yana kasoro na itabidi ayarudie. Wengine mezani wakaanza kutazamana, kwa sababu nao wanasawazisha vivyo hivyo. Mkuu akasema kazi isifungwe. Anampa mwaka atafute kwa nini imezidi.

"Kwa hiyo wanakutaka," mwanangu akasema.

"Wananitaka. Lakini sisi hatukukubaliana hivyo." Sauti yake ilikuwa imara, ila mikono alikuwa ameikalia. "Nilisema ikikubali tunabaki, ikikataa tunahama. Imekataa. Ahadi ni deni. Jibu hospitali, waambie unakwenda. Nami kesho nitamwandikia Mkuu."

Mwanangu si mtu mbaya. Aliinamisha kichwa, akasugua paji la uso. Nilijua anaitaka ile kazi na anamhurumia mkewe, na hajui aanzie wapi. Mkamwana akainuka, akaenda koridoni, akauliza kama kuna boksi tupu la vitabu vyake. Aliuliza kwa adabu, kama mgeni anayeomba maji.

Hapo moyo ukaniuma, na mimi moyo ukiniuma huwa nakasirika. Nikatoka jikoni na mwiko.

"Makubaliano hayo mliniweka shahidi," nikasema. "Shahidi haruhusiwi kusema?"

"Sema, mama," mwanangu akasema.

"Huyu mke wako leo amesimama mbele ya mabosi wake akasema kazi yake ina kasoro, akarudi nyumbani anang'aa. Wewe ulishamwona mtu wa namna hiyo? Kupotea njia ndiyo kujua njia. Jana alikuwa hajui nusu imekwenda wapi, leo anajua. Ndiyo kwanza ameiona njia, nanyi mnataka ageuke."

"Lakini mama, wewe ndiye uliyetaka kurudi kwenu. Umeshafunga mpaka vikombe."

"Nilitaka. Bado nataka. Dada yangu anazeeka, na mimi nazeeka, na lile dirisha nalitaka." Nikauhamishia mwiko mkono wa pili. "Lakini nikikaa dirishani kule nitakuwa nawaza kitu kimoja tu. Na wa kunijibu nitakuwa nimemfungia kwenye boksi pamoja na vitabu vyake. Mji wetu hauendi popote, nitakwenda kutembea. Na wewe mwanangu dawa ziko kila mji."

Nikaona nisimame pale na mwiko mpaka lini. Nikaenda koridoni, nikachana gundi ya boksi la juu, nikatoa sahani ya kwanza, nikaifungua gazeti lake, nikairudisha kabatini. Nikatoa ya pili. Mkamwana alikuwa amesimama ananitazama, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Mara nikasikia nyuma yangu karatasi inachanwa. Mwanangu alikuwa amepiga magoti koridoni na koti lake la kazi, anavivua vikombe soksi.

Tulifanya hivyo mpaka maboksi mawili yakawa matupu. Kisha nikashindwa kuvumilia.

"Sasa niambie," nikamuuliza Mkamwana. "Mwanzo ilikuwa nusu, leo ni mara mbili. Huo uliozidi umetoka wapi?"

Akajifuta uso kwa kiganja. "Sijui, mama. Nadhani hewa ya juu haipitishi umeme sawasawa kila mahali, nami nimeifanya kama ni sawasawa."

"Umesawazisha tena."

"Nimesawazisha tena," akasema, akaanza kucheka, na mwanangu naye akacheka, huku kikombe bado kina soksi mkononi.

Baada ya chakula nikampigia dada yangu. Nikamwambia chumba ampe mtu mwingine, au aanikie nguo. Alinigombeza vya kutosha, tena kwa haki. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeumia, "Sasa huko unabaki kufanya nini, wewe usiye na kazi?"

Nikamwambia kuna umeme umezidi, nasubiri nijue umetoka wapi.

"Umeme gani huo?" akauliza. Nikavuta kiti, nikaanza kumweleza.